Kumi na Nne ya Mwezi Upi

Kouraichia alijichana kiganja akikuna nazi za posa ya mumewe.

Posa yenyewe ilikuwa Ijumaa, na msichana alikuwa Moinaécha, binti wa watu wa Ambanoro, hapa kisiwani Nosy Be. Aliyeipanga ni Mariamou, mama wa mume. Ndiye pia aliyemtoa Kouraichia Mahajanga, akampandisha meli na kumleta mpaka jikoni kwa kina Moinaécha ili amsaidie kumpikia mke mwenzake mtarajiwa. "Utakuja," alimwambia, "watu waone kwamba nyumbani kwangu hakuna kinyongo." Kinyongo kilikuwepo, tena kimejaa mpaka shingoni, lakini mwanamke asiye na kwao hana mahali pa kukitoa. Nyumba ya mama yake Kouraichia iliungua Mahajanga Desemba ya 1976, siku zile Wakomoro walipowindwa mitaani, na wazee wake wakarudishwa kwao Ngazidja, kisiwa cha Komoro, na wengine. Kwa Wangazidja nyumba ni ya mke, mume ndiye anayehamia. Kouraichia alikuwa anakula kwa mama mkwe, na kila mlo alikumbushwa.

Nazi ya tisa ilimteleza kwenye mbuzi, na chuma kikaingia katika nyama ya kiganja. Damu ikadondokea kwenye nazi iliyokunwa.

"Umeiharibu!" Mariamou akapiga kelele. "Hata nazi! Hata nazi, Kouraichia!"

Wanawake waliokuwa uani waliinama juu ya kazi zao. Aliyenyanyuka ni Echati peke yake, mdogo wake Mariamou, mwanamke wa miaka arobaini na mitano aliyekuwa akipepeta mchele. Alichana upindo wa saluva yake, nguo aliyojifunga, akamfunga Kouraichia mkono na kumwonyesha njia ya kwenda zahanati.

"Nenda kashonwe, mwanangu. Nazi nitakuna mimi."

Zahanati ilikuwa chumba kimoja na foleni fupi. Mkunga aliyekuwepo aliitwa Sittou, mwanamke mnene wa sauti kubwa, mzaliwa wa hapo hapo kisiwani. Alikisafisha kidonda, akakishona nyuzi nne, kisha akavuta dawa ya sindano ya pepopunda.

"Una mimba?"

"Hapana. Mimi ni tasa, madamu."

Alilisema neno hilo kama mtu anayetaja jina lake. Sittou aliishusha sindano.

"Nani alikuambia?"

"Watu wote. Lakini nilipimwa, Mahajanga, mwaka wa sabini na tisa. Mkunga alisema sina ugonjwa, ila tufuate siku ya kumi na nne. Tumeifuata miaka mitano. Mume wangu ni fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari huku, lakini kila mwezi anabadilishana zamu na mwenzake Hassane ili aje kwangu Mahajanga. Tarehe kumi na mbili anafika, kumi na sita anaondoka. Amekosa mara chache tu, wakati wa kukata miwa."

"Tarehe kumi na mbili ya nini?"

"Ya mwezi."

"Mwezi upi?"

Kouraichia alidhani mkunga anamtania. Akainua kidole cha mkono mzima, akaonyesha juu, kwenye bati. "Mwezi, madamu. Ule uliopita wa Mfungo Tisa, huu wa Rajabu. Mama mkwe ndiye anayehesabu. Zile siku nyeupe, kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, mwezi ukiwa mpevu. Mchana tunafunga sunna, usiku ndiyo..."

Sittou alikaa kitini. "Na yule mkunga wa Mahajanga alikuambia wewe, kwa mdomo wake, kwamba ni kumi na nne ya mwezi wa juu?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikivaa. Alizungumza na mama mkwe. Alikuwa mtu wa Antananarivo, anasema Kimalagasi cha kitabuni. Nilisikia tu fadimbolana, fadimbolana."

"Ee Mola wangu," Sittou alisema.

Fadimbolana ni neno la adabu la hedhi, na ndani yake limo neno *volana*, lililogeuka *bolana*, ambalo kwa Kimalagasi ni mwezi, wa mbinguni na wa kalenda. Mkunga alisema: hesabu siku kumi na nne tangu kuanza damu. Mariamou, ambaye nyumbani kwake hapakuwa na kalenda isipokuwa ya mfungo na ya swala, alisikia: kumi na nne ya mwezi. Hakuuliza. Kuuliza kungekuwa kukubali kwamba kuna jambo la wanawake asilolijua, yeye ambaye nusu ya mtaa wa Mahabibo walimwendea kuuliza lini waoge, lini wafunge, lini walipe Ramadhani zao. Na mkunga naye, kwa kuwa bibi yule alikuwa mtu wa heshima na foleni ilikuwa ndefu, hakutumia dakika ya pili kuangalia kama ameeleweka. Dakika moja! Mtu amepoteza miaka mitano ya maisha yake kwa sababu wanawake wawili waheshimiwa walioneana haya.

"Damu yako huanza lini?" Sittou aliuliza.

Hapo Kouraichia hakusita. Mwanamke anayeswali anajua siku zake kuliko daktari yeyote. "Ishirini. Labda siku moja mbele, labda moja nyuma. Kila Ramadhani nakula kuanzia ishirini mpaka ishirini na tano, wenzangu wakiingia lile kumi la mwisho mimi sina changu. Mama hunisema kwa hilo pia."

"Basi sikiliza. Chini ya ubongo wako kuna tezi ndogo kama punje ya choroko. Hiyo ndiyo yenye amri. Damu ikianza, tezi inatuma homoni chini, yai moja linaanza kuiva. Likikaribia kuiva, mfuko wake unatuma homoni nyingine juu, kusema niko tayari. Ikizidi, tezi inajibu kwa mpigo mmoja mkubwa, na yai linatoka. Hiyo ndiyo kumi na nne, kwa mwanamke wa siku ishirini na nane, ishirini na tisa kama wewe. Na likishatoka linaishi siku moja. Moja, Kouraichia! Mfuko uliobaki mtupu unatoa homoni ya kukutandikia kitanda tumboni, na kitanda kinangoja kama wiki mbili. Asipolala mtu, homoni inakauka, kitanda kinakunjwa, unaona damu."

"Na mwezi wa juu?"

"Mwezi wa juu haukujui. Damu ishirini, maana yake yai linatoka tarehe tatu au nne. Mumeo anafika kumi na mbili. Anafika yai limekufa wiki nzima. Mnafunga sunna juu ya kitanda kisicho na mtu."

Kouraichia aliangalia mkono wake uliofungwa. Alihesabu miezi mitano mitano, kama anavyohesabu siku za kulipa. Alipofika sitini aliacha kuhesabu. Kilichompanda hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, hasira safi, ambayo hakuwahi kuiruhusu kwa sababu siku zote aliamini kosa ni lake.

"Leo tarehe ngapi?" Sittou aliuliza.

"Tatu Rajabu. Mfungo Tisa ulikuwa na siku ishirini na tisa."

Sittou alihesabu kwa vidole, kisha akarudia. "Leo ni siku yako ya kumi na tatu. Mume yuko wapi?"

"Yuko hapa hapa kisiwani. Leo analeta vitu vya posa."

Sittou alicheka kicheko kibaya, akamchoma sindano ya pepopunda. "Sikuahidi mtoto," alisema. "Hata mumeo hajapimwa, na huenda kuna mengine. Nakuambia tu kwamba hamjawahi kujaribu. Hata mara moja."

Zoubeir, mumewe, alifika alasiri na gunia la sukari la posa begani. Alikuwa mwanamume mpole, na upole wake ulikuwa umemponza kila mtu isipokuwa yeye. Kouraichia alimvutia nyuma ya banda la kuku akamwambia yote, bila kuficha neno.

Alielewa upesi. Maisha yake yote ameshughulika na mitambo, anajua kwamba valvu ikifunguka kabla ya wakati au baada ya wakati mashine haiwaki, hata ikiwa nzima. Alikaa juu ya jiwe, akashika kichwa.

"Miaka mitano nimemlamba miguu Hassane anipe zamu," alisema. "Meneja ananiita Bwana Mbalamwezi mbele ya vijana. Na kumbe..."

"Na mimi naitwa tasa. Tukilinganisha, lako si baya."

"Kesho ndiyo siku?"

"Kesho. Na leo, na keshokutwa labda. Lakini kwanza posa ivunjwe."

Zoubeir alitazama gunia. "Mwambie mama."

"Mwambie wewe. Ni mama yako, na wewe ndiye mposaji."

Alikwenda, kwa kweli alikwenda. Mariamou alimsikiliza huku anachambua iliki. Uso haukumbadilika, lakini iliki zilianza kuangukia kwenye sahani ya maganda. Alipomaliza kusikia hakusema *lahaula*, hakusema *maskini mtoto wa watu*. Aliuliza:

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, Kouraichia na mkunga."

"Basi ikomee hapo." Akafuta mikono. Akili yake ilikuwa imeshapata njia, kwa maana haikuwa akili ndogo. "Kesho mtapewa chumba cha nyuma, nitawaambia wenye nyumba una homa. Ijumaa posa inasomwa kama ilivyopangwa. Watu wameshaalikwa. Mwenye kupata mtoto kwanza, Mungu amjalie. Wanawake wawili ni bora kuliko mmoja."

"Kouraichia anataka posa ivunjwe."

"Kouraichia anataka!" Mariamou alisema. "Tangu lini?"

Zoubeir alirudi nyuma ya banda na jibu hilo, akilibeba kama alivyobeba gunia. Kouraichia alimwangalia mpaka akamaliza.

"Sawa," alisema. "Posa na iwepo. Siku zote ni yenu. Lakini mimi siingii chumbani mpaka mama atoke uani, mbele ya wanawake wale wale anaowaambia mimi tasa, aseme kwamba kosa lilikuwa lake. Sitaki aombe radhi. Aseme tu. Neno moja: nilikosea hesabu."

"Unamjua mama."

"Namjua. Basi sema wewe."

"Nisimame mbele ya wanawake nizungumzie hedhi?"

"Wenzao wa Mahabibo wameizungumzia yangu miaka mitano. Kila nisiposwali mtaa mzima unajua kwamba mwezi huu pia hakuna kitu. Na wewe ulikuwa unajua kwamba wanajua."

Zoubeir alisema kwamba ni jambo zito, kwamba angeona, kwamba mama ni mama. Kouraichia alirudi kuosha vyombo kwa mkono mmoja.

Alhamisi ilipambazuka na nyumba nzima ikawa inamzunguka Kouraichia. Mwanamke aliyekuwa analala jikoni sasa aliletewa chai ya maziwa. Mariamou mwenyewe alimletea, tena kwa sahani. Akamwita mwanangu. Akamwuliza kama kidonda kinauma. Saa nne akaja na bangili ya dhahabu, ile ya bibi yake ambayo Kouraichia hakuwahi kuigusa hata siku ya harusi, akamvisha mkono uliofungwa bandeji.

"Ingia ndani, mwanangu. Mumeo yuko chumbani. Tusipoteze siku."

"Mama tayari umepoteza sitini," Kouraichia alisema, akaivua bangili na kumrudishia. "Nitaingia ukishasema."

"Haya, nakuambia wewe hapa. Labda sikumsikia mkunga vizuri. Basi."

"Si kwangu. Mimi ninajua. Kwao."

Uani walikuwapo wanawake kumi na mmoja. Mama yake Moinaécha alikuwa anakamua tui, majirani wa Ambanoro wanakaanga, Echati yuko na ungo wake. Mariamou aliwatazama kupitia mlango, kisha akatazama mlango wa chumba cha nyuma, ambako mwanawe alikuwa amekaa kitandani na shati jipya, amenyolewa ndevu. Mjukuu alikuwa upande ule, heshima ilikuwa upande huu, na katikati palikuwa na neno moja. Alilitaka. Tusimdhulumu: mwanamke huyu alimtaka mjukuu kuliko alivyotaka macho yake. Lakini tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema amekosea, na hakujua neno hilo linaanzia wapi mdomoni.

Adhuhuri ikapita. Chumbani, Zoubeir aliswali peke yake. Kouraichia alikaa kwenye kizingiti cha mlango, hakuna aliyethubutu kumpa kazi. Alijua kwamba ndani yake, kama mkunga alisema kweli, kitu kimoja kidogo kilikuwa kimetoka na kinangoja, na hakikuwa na muda. Alikitaka. Mara mbili aliinuka akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba, mara mbili akarudi. Mtu asidhani ilikuwa rahisi. Alitaka mtoto kwa mwili wote, na alijua pia kwamba akiingia mle kimya kimya, atatoka humo akiwa yule yule, na mtoto wake atazaliwa kwenye nyumba ambayo mama yake halindwi hata kwa neno moja.

Saa tisa Mariamou alitoka uani. Alisimama katikati, akajikohoza. Wanawake waliinua macho. Mkono wake ulikuwa unashika ncha ya mtandio wake.

"Jamani," alisema, "nina jambo."

Kouraichia alisimama.

Mariamou alifungua mdomo. Akamwona mama yake Moinaécha, mkwe wake wa kesho, na tui linamchuruzika vidoleni, anangoja. Akainama, akashika konzi ya mchele kutoka kwenye ungo wa Echati, akaitazama.

"Mchele huu una mchanga," alisema. "Pepeteni vizuri."

Kisha akageuka aondoke.

"Basi nitasema mimi," Kouraichia alisema.

Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza mapishi, na alisema yote: mkunga na pazia, fadimbolana na volana, punje ya choroko chini ya ubongo, homoni inayoshuka na inayopanda, yai linaloishi siku moja, kitanda kinachotandikwa na kukunjwa. Alisema kwamba kumi na nne inahesabiwa tangu damu ya mwanamke mwenyewe, si tangu mwezi kuandama. Alisema kwamba Mariamou alikosea na tangu jana anajua, na kwamba mume wake yuko ndani ya chumba kile, hana homa, anangojea neno ambalo mama yake limemshinda na yeye hakulijaribu.

Mafuta yalikuwa yanaungua kwenye kikaango, hakuna aliyeyatoa. Wanawake wawili watatu walikuwa wanahesabu kwa vidole chini ya nguo zao. Moinaécha alikuwa ametokeza dirishani, na hina haijakauka.

"Uongo!" Mariamou alisema. "Mwanamke mwenye wivu! Posa ya mwenzake imemtia wazimu!"

Ndipo Echati alipoweka ungo chini.

"Dada," alisema. "Na mimi je?"

"Wewe nini? Pepeta."

"Mimi pia ulinihesabia. Mwaka ule ule wa sabini na tisa, ulirudi kutoka kwa mkunga ukanijia mbio na habari njema. Kumi na nne ya mwezi. Mume wangu Elamine alikuwa Boanamary akivua kamba, ukawa unamwita wewe mwenyewe kila mwezi mpevu. Unampikia. Unanifukizia udi. Miaka mitatu."

"Echati, kuna wageni."

"Aliniacha mwaka wa themanini na mbili. Ulisema ni kudra."

"Mambo ya zamani hayo."

"Yako ya zamani," Echati alisema. Sauti ilikuwa imeanza kumpanda, sauti ambayo hata dada yake hakujua kwamba anayo. "Mimi damu imekatika mwaka jana. Utanihesabia kwa mwezi upi sasa? Nijibu, Mariamou! Nataka unijibu mbele yao!"

Mariamou alimtazama mdogo wake, kisha wanawake wote mmoja mmoja, akitafuta uso wa kumsaidia. Mama yake Moinaécha alifuta tui mikononi, akaingia ndani kwa binti yake na kufunga dirisha.

Echati aliupiga teke ungo, mchele ukatawanyika uani kote. Akamshika Kouraichia mkono mzima. Hawakuwa na nyumba ya kwenda, wote wawili, na wote wawili walijua. Walivuka juu ya mchele kuelekea barabarani.

Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka kidogo. Zoubeir alitoa kichwa, na kola ya shati jipya imenyooka.

"Kouraichia," aliita. "Niendelee kungoja, au nitoke?"

"Muulize mama yako," Kouraichia alisema bila kugeuka. "Yeye ndiye anayejua hesabu."